Makarai Yaliyopakwa Mawese

Baba mdogo alitaka nyumba yetu ianguke. Simsingizii. Alilisema mwenyewe mbele ya watu, siku ya hitima ya mama, sahani za pilau zikiwa bado mikononi. Alisema sisi watoto wanne tutakaa pale pwani ya Gatete maadamu nyumba imesimama. Siku itakapoanguka tutagawanywa. Mdogo wangu wa kiume anayenifuata angekwenda kwake Rumonge, amfanyie kazi kwenye kinu chake cha mawese. Wasichana wawili wadogo wangekwenda kwa shangazi, Nyanza-Lac. Mimi nilikuwa mtu mzima tayari, kwa hiyo nitafute mume. Kiwanja kingerudi kwake, kwa sababu kilikuwa cha baba yake kabla hakijawa cha marehemu baba yetu.

Watu walisema amenena vizuri. Wakaendelea kula.

Shule nilikuwa nimeiacha tangu mama alipoanza kuumwa. Madaftari yenye kurasa nyeupe nilimwachia mdogo wangu, yenye maandishi tukawashia moto. Kwa hiyo siku ile sikuwa na la kusoma wala la kumwonyesha mtu. Nilikuwa na nyumba ya matofali ya udongo, paa la mabati yenye kutu, na mlango ambao mama aliufunga kwa kamba kila bawaba ilipong'oka. Nikajiambia, basi, itasimama.

Ziwa lilikuwa upande wa baba mdogo. Tanganyika ilikuwa imepanda miaka ile, na wote wanaokaa kandokando yake wanajua ilivyofanya. Kwetu ilichukua choo, ikachukua jiko la nje, ikachukua safu nzima ya michikichi aliyoipanda baba. Haikuichukua kwa kishindo. Kila asubuhi tulikuta mti mmoja umeinama zaidi kuliko jana, halafu asubuhi nyingine tunaukuta umelala majini, makuti yake yakicheza na mawimbi. Wavuvi waliopita walifunga mitumbwi yao kwenye vigogo vile bila hata kuuliza.

Kiangazi kilipokuja maji yalirudi nyuma kidogo. Yaliacha mchanga mweusi. Ulikuwepo siku zote, mistari myembamba juu ya mchanga wa kawaida, mzito, unaounguza nyayo ukipigwa na jua. Mama alikuwa akiuchanganya na majivu kusugulia masufuria. Lakini sasa ulikuwa mwingi, na ulijazana zaidi nyuma ya mizizi ya michikichi iliyoanguka, yaani mbele ya mlango wetu.

Habari ya dhahabu ilianzia mdomoni mwa mto. Mtu aliyekuwa akichota mchanga wa kujengea aliona punje, akaipeleka Rumonge, na kabla ya jioni watu walikuwa wameshuka kutoka vilimani na mabeseni vichwani. Wanawake waliokuwa wakianika ndagala walifukuzwa na samaki wao. Mtu aliyezoea kukuomba chumvi sasa alikuwa anakutazama kwa pembe ya jicho kama mwizi.

Baba mdogo alikuja kwetu na vijana wa kinuni, kila mmoja na koleo na karai. Hakubisha hodi.

"Baba mdogo, amahoro," nikamsalimu. "Mnakwenda wapi?"

"Tumefika," akajibu. "Hapa ni pa ukoo. Nyinyi muko munalala juu yake tu."

"Na tutaendelea kulala."

"Laleni. Nani amewakataza? Sisi tutafanya kazi polepole."

Vijana wakacheka. Mmoja akaniuliza kama kuna chai.

Sasa nieleze jambo la makarai, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Kwenye kinu cha mawese, kabla ya kumwaga chikichi zilizopondwa ndani ya karai, unalipaka karai mafuta kwanza, ndani yote hadi ukingoni. Karai kavu hushika makapi, na mtu hupoteza nusu ya siku akilikwangua. Hivyo ndivyo baba mdogo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyomfundisha kila mtu aliyepita mikononi mwake. Alipofika ufukweni kuosha mchanga hakuona tofauti. Alileta chupa ya mawese, akasimama juu ya vijana wake.

"Pakeni! Pakeni vizuri, usiache mahali. Karai kavu litashika mchanga, mutashinda hapa mukilikwangua kama wendawazimu."

Wakapaka. Na kweli mchanga uliteleza vizuri sana. Wakichota maji na kuzungusha karai, mchanga ulitoka wote, mweupe na mweusi, karai likabaki linang'aa. Watu wengine kandokando ya ufuo wakaona jinsi kazi ilivyokwenda upesi, nao wakapaka. Rumonge hakuna nyumba isiyokuwa na mawese. Baada ya muda mfupi ufuo wote wa kwetu ulinuka kama jikoni.

Hawakupata kitu. Walisema ni mapema, dhahabu iko chini zaidi. Wakachimba.

Mimi nilijua kwa sababu ya sufuria la maharagwe. Lilikuwa limeungua, nikaenda nalo majini nikalisugua kwa majivu na ule mchanga mweusi, kama mama alivyofanya, mpaka likawa jeupe. Niliposuuza, nikizungusha maji kuutoa mchanga wa mwisho, kulibaki mstari mwembamba wa njano kwenye mkunjo wa chini. Ulikuwa laini kama unga. Nilizungusha tena na haukutoka. Nikamwaga maji yote, bado ukabaki.

Nikainua macho. Vijana wa baba mdogo walikuwa hatua chache kutoka kwangu, wakimwaga makarai yao. Juu ya maji yaliyomwagika kulikuwa na utando mwekundu wa mafuta, na juu ya utando ule vumbi la njano lilikuwa likielea, likiondoka na wimbi. Nikachovya kidole. Kilitoka na mafuta, na ndani ya mafuta kilimetameta.

Walikuwa wanairudisha dhahabu ziwani, karai baada ya karai, na wanaisukuma kwa mikono yao wenyewe.

Nikasuuza sufuria kwa nguvu mpaka ule mstari ukaondoka, nikarudi nyumbani kupika. Sikuona sababu ya kumwambia mtu. Wakipata kitu, wangeichimba pwani ile mpaka chini ya vitanda vyetu. Wakikosa, wangechoka. Nilitaka wachoke.

Aliyenichosha mimi alikuwa mdogo wangu. Alikwenda kuwasaidia. Baba mdogo alikuwa amempa viatu vya mpira na kumwita mwanangu mbele ya watu, na hilo lilimtosha. Alirudi nyumbani magoti yakiwa meusi.

"Dada, tukipata, na mimi iko na fungu langu. Amesema."

"Fungu la kuchimba chini ya mkeka wako?"

"Kwani hii nyumba ni ikulu? Mbuzi akiegemea ukuta, ukuta unalia."

"Unalia lakini unasimama. Wewe umepewa viatu tu, umeshalala chini."

Wale wadogo wawili walicheka, yeye akasusa chakula. Baadaye niliona sahani yake tupu.

Siku zikaenda, mashimo yakaongezeka. Yalizunguka nyumba upande wa ziwa kama meno. Nilikuwa nikitoka asubuhi kuyapima kwa macho, lipi limesogea, na jioni nasukumia ndani makuti na makapi. Asubuhi wanayatoa. Hatukusemezana tena. Mmoja wa vijana alizoea kutema mate kila nikipita. Mimi nilizoea kumwaga maji ya kuoshea samaki mahali alipoketi kupumzika.

Halafu akaja mtu wa kaskazini. Alitoka upande wa Cibitoke, ambako watu wanaosha dhahabu mitoni tangu zamani, na baba mdogo alikuwa amemwita ili atazame kwa nini hakuna kinachopatikana. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua. Hakugusa koleo. Alichukua karai moja, akalinusa, akawatazama wote.

"Hii ni karai ya dhahabu ao ya maharagwe?"

Vijana wakaangua kicheko. Mdogo wangu naye alicheka.

"Boss," akamwambia baba mdogo, "mafuta yanabeba dhahabu. Yenye iko laini kama hii haiwezi kuzama, inapanda juu inakwenda. Leteni majivu, tuoshe haya makarai kwanza." Akageuka akaniona nimeketi kando ya ukuta. "Dada, tusaidie majivu."

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna majivu? Nyumba gani haina majivu?"

"Nyumba ambayo watu wamemaliza kuni zake."

Majivu yalikuwepo. Yalikuwa ndani ya debe, nayaweka kwa ajili ya masufuria, na nilikuwa nimeketi juu ya debe lenyewe. Yule mtu akatazama debe, akanitazama mimi. Sikusogea. Nadhani angenyamaza au angesema, sijui, lakini hakupata nafasi, kwa sababu baba mdogo alikuwa amekwisha kuvimba. Alikuwa hajasikia neno lolote baada ya maharagwe.

"Mimi nimekamua mawese baba yako hajaoa! Weye utoke huko milimani uje unifundishe kuosha karai? Mbele ya watoto wangu?"

"Mzee, sikukutukana. Nasema mafuta—"

"Mafuta! Mafuta yamenijengea nyumba Rumonge. Weye dhahabu yako imekujengea nini? Kofia?"

Yule mtu akaliweka karai chini taratibu. "Sawa, mzee," akasema. "Endelea kukaanga mchanga wako."

Akaondoka kuelekea barabarani. Alipopita mbele yangu alisema kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Debe lako linavuja, dada."

Nikatazama chini. Kweli, mstari mweupe wa majivu ulikuwa umemwagika kando ya mguu wangu. Nikaufunika kwa kitenge.

Mdogo wangu alikuwa ameona. Alisubiri mpaka wachimbaji wameondoka, akaja akasimama mlangoni.

"Majivu yalikuwepo."

"Yalikuwepo."

"Basi yule mtu alisema kweli. Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Dada, sisi ni maskini! Unaiona inakwenda, unanyamaza?"

"Ikipatikana, atachimba hapa unaposimama. Utalala kinuni, na hawa wadogo watakwenda kufua nguo za shangazi. Ndiyo fungu lako. Kama unalitaka, nenda kamwambie."

Nilisema hivyo kwa hasira. Asubuhi alikwenda akamwambia.

Nilikuwa mlangoni, niliona yote. Alimfuata baba mdogo pembeni, akazungumza naye huku akionyesha karai, akionyesha nyumba. Baba mdogo alimsikiliza hadi mwisho. Kisha alimpiga kofi lililofanya hata wanaopara samaki mbali wanyanyue vichwa.

"Umetumwa na dada yako! Na yule mwizi wa kofia! Mumepatana, mimi nioshe makarai kama mwanamke, nyinyi muchimbe usiku!" Akawageukia vijana. "Munaona? Wanajua iko wapi. Iko chini ya nyumba. Ndiyo maana hawataki kutoka. Chimbeni pale kwenye kona."

Sikulitegemea hilo. Nilikuwa nimehesabu kwamba kunyamaza kwangu kutawachosha, kumbe kulikuwa kumempa baba mdogo mahali pa kuchimba.

Walianza na kona ya kulia, inayotazama ziwa. Udongo wa pale ni laini, koleo liliingia lote. Walifanya kazi asubuhi nzima, na walipokwenda kula ndipo nilipotazama ndani ya shimo nikaona matofali ya chini kabisa, yale baba aliyoyaweka juu ya mawe. Jiwe moja lilikuwa limetoka. Ndani ya nyumba, juu ya kona, ufa ulikuwa umefunguka, unapitisha mwanga. Yule msichana mdogo kabisa alikuwa amesimama chini yake akiutazama.

Kwetu, mafiga yanayowaka hayaguswi. Mtu anaweza kukutukana, kukushtaki, hata kukupiga, lakini akipiga teke mafiga yako moto ukiwaka amekuombea nyumba nzima kifo, na kifo hicho huweza kurudi nyumbani kwake mwenyewe, na watu wa pwani hawatakula naye tena. Hata mlevi huzunguka. Nikayakumbuka mafiga.

Nilishuka shimoni. Nilimwambia mdogo wangu, "Nipe mawe ya jikoni." Shavu lake lilikuwa bado limevimba. Alisimama kidogo, nikadhani atakataa. Akaingia ndani, akatoka na jiwe la kwanza limekumbatiwa kifuani, jeusi, akanikabidhi. Akarudi kuchukua la pili. La tatu alishuka nalo mwenyewe, akalipanga. Akaenda kutafuta makuti makavu.

Wachimbaji waliporudi walinikuta nimechuchumaa ndani ya shimo, sufuria la maharagwe linatokota, moshi unapanda ukutani.

"Toka," akasema baba mdogo.

"Napika, baba mdogo."

"Napika! Ndani ya shimo langu?"

"Shimo ni lako. Moto ni wangu."

"Ondoeni hayo mawe," akawaambia vijana.

Hakuna aliyesogea. Yule aliyezoea kutema mate alikuwa mbele kabisa, koleo mkononi. Alitazama moto, akatazama wenzake.

"Mzee," akasema, "mimi mama yangu bado yuko hai."

"Ondoa, nakwambia!"

"Ondoa weye. Ni ndugu zako." Akalichomeka koleo mchangani. "Na hata hivyo tumechimba pwani hii tangu kiangazi kinaanza, hatujaona hata ya kuweka kwenye jino. Hapa iko mchanga na maneno ya familia, basi."

Mwingine akasema, "Turudi kinuni, huko angalau mtu anapata mboga." Mwingine akacheka akaimba, "Kaanga mchanga, mzee, kaanga," na wote wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichommaliza baba mdogo. Waliondoka mmoja mmoja. Yeye akabaki peke yake juu ya ukingo, mimi chini yake.

Aliinua mguu. Niliona soli ya kiatu chake, na mchanga mweusi ulioganda kwenye mawese. Sikuinamisha kichwa. Aliushikilia juu pale kwa muda, halafu akaushusha mahali pake.

"Itaanguka yenyewe," akasema. "Ziwa litanisaidia. Makarai yangu muyaoshe, yarudi kinuni yakiwa safi."

Tuliyaosha jioni ile ile, mdogo wangu na mimi, kwa majivu ya moto ule ule wa shimoni. Utando wa mafuta ulikuwa umeganda ndani ya makarai, mzito, wa siku nyingi. Nilitia majivu na maji ya moto, nikasugua kwa makumbi. Mafuta yakakatika, yakageuka povu, yakatoka. Chini kukabaki njano. Katika kila karai palibaki kidogo, kiasi cha kucha. Mdogo wangu aliikusanya dhahabu yote ndani ya kifuniko, akakaa nacho mapajani.

"Tukiuza?"

"Tutauza wapi ambako hatajua kabla hatujafika barabarani?"

"Tungeweza kumpa mtu wa kaskazini."

"Nenda umtafute."

Alitazama kifuniko kwa muda mrefu. Aliinuka, akaenda mahali ambapo nilikuwa nimekwisha kuchanganya udongo na nyasi kwa ajili ya kona, akakung'uta kifuniko juu yake, akaukanyaga kwa miguu mpaka hakukuonekana kitu. Tulirudisha lile jiwe lililotoka. Tukajaza shimo mawe mengine ya ziwani, tukakandika ufa ndani na nje. Yule mdogo kabisa alipiga viganja vyake ukutani, na alama zake ziko pale mpaka leo.

Kona hiyo si nzuri. Imevimba, na kila masika inanyonya maji, nami kila kiangazi naikandika upya. Dhahabu imo humo na siipendi. Ilituletea mashimo na makofi, na ningeweza kuiona yote ikielea kwenda Kongo nisinyooshe mkono. Lakini udongo uliokuwepo siku ile ndio huo, na umeshika.

Tunalala humo wote wanne. Baba mdogo hupita njia ya juu siku za Ijumaa akitoka msikitini, kanzu yake safi. Hateremki. Husimama barabarani, akatazama kona, kisha akanitazama mimi.

"Bado?" huuliza.

"Bado, baba mdogo," namjibu. "Karibu chai."

Haji.